Theluji Ilitukuta New Orleans: Safari ya Kusini na Mama Mdogo

BARAKA: Haya, tunarekodi. Dada Zuhura, hii hadithi umeniahidi tangu Januari, na sasa ni Mei. Leo hutoki hapa bila kuisimulia.

ZUHURA: Leo naisimulia yote, kaka. Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, mimi ni Zuhura, niko Clarkston, nje kidogo ya Atlanta.

BARAKA: Na mimi ni Baraka, mtu wa Nakuru, dereva wa trela. Nyumba yangu iko Dallas lakini wiki nyingi nalala barabarani. Haya, ilianzaje?

ZUHURA: Mama mdogo wangu, anayemfuata marehemu mama, alikuja kutoka Pangani kukaa nami miezi mitatu. Akafika katikati ya baridi. Nikamfungia ndani kama yai, hita inawaka mchana na usiku. Wiki ya pili akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekuja Marekani au nimekuja kutazama kuta?" Basi. Nikaomba likizo, nikapanga: Georgia, Alabama, Mississippi, Louisiana, kisha turudi. Tukaondoka Jumamosi tarehe 18 Januari 2025.

BARAKA: Kwa barabara ya I-85?

ZUHURA: Hiyo hiyo, hadi Montgomery. Na kabla hatujafika hata mbali, tulisimama kwenye sheli kununua maji. Pale kando ya kaunta kuna sufuria la umeme, linatoa mvuke. Mama mdogo akafunua kifuniko. Karanga! Karanga za kuchemsha, na maganda yake, zimelala kwenye maji ya chumvi. Akanitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi ya mabasi. Tukajaziwa kikombe kikubwa. Garini akawa anabonyeza ganda kwa vidole, anafyonza yale maji kwanza, halafu punje. Khanga yote ya mapajani ikalowa chumvi.

BARAKA: Na wazee wa huku Kusini hizo karanga wanaziita "guba". Mkongomani yeyote anayetusikiliza ameshaelewa, maana kwa Kikongo na Kilingala karanga ni nguba. Hilo neno lilivuka bahari na watu waliofungwa minyororo.

ZUHURA: Na ndiyo ikawa safari yenyewe, Baraka. Mimi nina miaka kumi na mbili Georgia. Sukuma wiki ipo kwenye kila mgahawa wa Waamerika weusi, wanaichemsha mpaka inalainika. Kunde wanazila Siku ya Mwaka Mpya wakiamini zinaleta heri. Bamia ipo. Nimekula vyote na sijawahi kujiuliza. Yeye kila sahani anauliza, "Hiki nani kakileta hapa?"

BARAKA: Swali kubwa hilo.

ZUHURA: Likapata jibu Montgomery. Tulikwenda kwenye ile kumbukumbu ya waliouawa na magenge ya Wazungu, iliyofunguliwa 2018 na taasisi ya wakili Bryan Stevenson. Ukiingia tu, kabla ya yote, kuna sanamu za msanii wa Ghana, Kwame Akoto-Bamfo. Watu wa saizi ya watu, wamefungwa pamoja kwa minyororo, na mwanamke mmoja ana mtoto mchanga mkononi. Mama mdogo alisimama pale muda mrefu sana. Unajua Pangani ilikuwa mwisho wa misafara, pembe za ndovu na watumwa. Akaniambia, "Hawa nimewaona Mkunazini." Alikuwa amekwenda Unguja zamani, akaziona zile sanamu zilizo ndani ya shimo kando ya kanisa, shingoni minyororo. Kumbe watu wale wale, pwani nyingine.

BARAKA: Mimi nilipita hapo mwaka juzi. Kilichonishika ni zile nguzo za chuma. Zaidi ya 800, kila moja ni kaunti, na majina yamechongwa. Unaanza zikiwa usawa wa uso wako, halafu sakafu inashuka polepole, mara unagundua ziko juu ya kichwa chako, zinaning'inia. Hakuna mtu amekuambia kitu. Shingo yako ndiyo inakuambia.

ZUHURA: Majina zaidi ya 4,400, Baraka. Kati ya 1877 na 1950, maana yake mama mdogo alikuwa karibu kuzaliwa. Na kule kwenye jumba la makumbusho kuna mitungi ya kioo yenye udongo uliochotwa pale mtu alipouawa. Jina, mahali, tarehe. Mmoja mweusi tii, mwingine kama mchanga wa ufukweni, mwingine mwekundu. Alipofika kwenye ule mwekundu akasema, "Huu ni wa Lushoto kabisa." Akasoma Fatiha, kwa sauti ndogo, mbele ya rafu. Kijana mlinzi alivua kofia. Sikumwambia kitu, alivua mwenyewe.

BARAKA: Subhanallah. Mimi si Mwislamu lakini hapo hakuna neno lingine.

ZUHURA: Jumapili tukashika barabara ya 80 kwenda Selma. Ni ile ile waliyotembea Machi 1965, maili 54, siku tano, mpaka Montgomery, kudai haki ya kupiga kura. Sisi tuliipita kinyume na walivyokwenda wao, tena kwa gari lenye joto. Pale kwenye daraja la Edmund Pettus nikaegesha, nikamwambia twende kwa miguu. Upepo ule! Nilimvisha makoti mawili na juu yake khanga kichwani.

BARAKA: Daraja lenyewe limepinda kama mgongo wa ng'ombe.

ZUHURA: Ndiyo, na hilo ndilo jambo la kuona kwa miguu. Unapanda, mbele yako ni mbingu tu. Huoni upande wa pili mpaka ufike kileleni. Tarehe 7 Machi 1965 wale watu walipofika hapo juu ndipo walipowaona askari wamejipanga chini, wanawangoja na virungu na mabomu ya machozi. Na hawakugeuka. Mama mdogo ana magoti mabovu, lakini alifika mpaka chini upande wa pili. Nikamwuliza kama amechoka. Akasema, "Hapa si mahali pa kuchoka."

BARAKA: Sawa. Sasa tufike Jackson, maana Jumapili usiku ndipo uliponipigia simu.

ZUHURA: Tulilala Jackson, Mississippi. Nilipofungua simu kuangalia hali ya hewa nikaona New Orleans wametangaziwa theluji. New Orleans! Nikasema lazima nimuulize Baraka.

BARAKA: Na mimi nilikuwa nimeegesha karibu na Shreveport, redio yote ni madereva wanaongea hiyo dhoruba. Wasikilizaji, mnisikie vizuri hapa. Theluji ya Minnesota hainitishi. Kule wana magari ya kuisukuma, wana chumvi, na watu wamezoea kuendesha juu yake. Kusini hivyo vitu ni vichache sana, kwa hivyo inchi mbili zinafunga jiji zima.

ZUHURA: Usinikumbushe Atlanta ya Januari 2014. Hazikufika inchi tatu. Nilikaa ndani ya gari saa kumi na nne, na wapo watoto waliolala shuleni kwao.

BARAKA: Sasa, hatari yenyewe ni madaraja. Barabara ya kawaida ina ardhi chini yake, na ardhi inahifadhi joto. Daraja linapigwa na baridi juu na chini, linaganda kwanza. Unatoka kwenye lami kavu, unaingia darajani, na kuna barafu nyembamba kama kioo, huioni. Hapo ukikanyaga breki umekwisha. Unaondoa tu mguu kwenye mafuta, unashika usukani bila kuutikisa, unaacha gari lipite. Na kutoka Jackson kwenda New Orleans kwa I-55, kuna lile la Manchac.

ZUHURA: Maili karibu 23 juu ya kinamasi. Ulinitajia hilo nikakosa usingizi.

BARAKA: Ndiyo nikakuambia, ama mfike Jumatatu kabla ya giza, ama mkae Jackson mpaka iishe. Hakuna cha katikati. Na uangalie upepo wa tairi asubuhi, kwa sababu baridi ikishuka ghafla na upepo unapungua.

ZUHURA: Taa ya tairi iliwaka kweli asubuhi. Nikajaza upepo, nikajaza tangi, nikanunua blanketi na mkate. Mji wa Natchez tukauacha, na ilituuma. Mama mdogo alikuwa ameshasikia habari za Abdul Rahman, yule mwana wa mtawala wa Futa Jallon, Guinea ya leo, aliyeuzwa Natchez mwaka 1788 na kukaa utumwani miaka arobaini, Mwislamu, anaandika Kiarabu. Mpaka leo ananidai hiyo Natchez.

BARAKA: Lakini kwa Medgar Evers, yule mpigania haki za weusi, mlipita.

ZUHURA: Dakika ishirini tu, asubuhi na mapema, tukiwa nje. Nyumba ndogo ya kawaida. Nikamwambia mama mdogo aitafute milango. Akatafuta. Mbele haina mlango! Wenyewe walitaka iwe hivyo, mlango uwe ubavuni, pale gari linapoegeshwa, ili mtu anayeshuka garini asionekane kirahisi kutoka barabarani. Na bado alipigwa risasi hapo hapo anaposhuka garini, usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963.

BARAKA: Siku kumi na moja baada ya Madaraka yetu. Na mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa 1953, alimpa jina Darrell Kenyatta. Hebu wazia. Mwaka huo Mzee amehukumiwa kifungo Kapenguria, serikali ya Mwingereza inamwita gaidi, na huku Mississippi kuna kijana mweusi anampa mwanawe jina hilo. Mimi nilisoma shule Nakuru miaka yote na hakuna aliyewahi kuniambia. Niliposimama mbele ya ile nyumba nilijiona kama mtu aliyechelewa matanga ya jamaa yake.

ZUHURA: Na aliyemuua alihukumiwa 1994. Miaka 31.

BARAKA: Miaka 31. Haya, Manchac.

ZUHURA: Tulipita saa tisa alasiri, pakavu, jua linawaka kwa baridi. Mama mdogo alishika tasbihi tangu nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Kulia maji, kushoto maji, miti imesimama ndani ya maji bila majani. Tukafika New Orleans mchana bado upo. Tulipanga chumba ghorofani kwa bibi mmoja wa makamo, mtaa wa Tremé, na ua wa nyuma. Alipotupokea tu akaleta sahani. Wali maharage!

BARAKA: Kwa sababu ilikuwa Jumatatu. New Orleans Jumatatu ni wali na maharage mekundu tangu zamani. Ilikuwa siku ya kufua, unabandika maharage yanajipika wenyewe huku unafua.

ZUHURA: Mama mdogo alimwelewa bila Kiingereza. Alionyesha kwa mikono kufua, akaonyesha chungu, wakacheka wote wawili. Yalikuwa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo yule bibi akachota mengine aliyojipikia bila nyama kwa ajili ya presha yake. Jioni tukaenda Café du Monde, mkahawa uliopo tangu 1862, tukala zile beignet, yaani mahamri matatu kwenye sahani, yamefukiwa sukari ya unga. Mama mdogo akanusa. "Iliki iko wapi?" Hakupata iliki.

BARAKA: Na Jumanne ikashuka.

ZUHURA: Asubuhi naamshwa. "Zuhura, kapoki zinapeperuka." Alidhani ni sufi ya misufi! Nikatazama nje, dunia nzima nyeupe. Inchi nane, Baraka, sentimita 20, haijapimwa theluji nyingi hivyo siku moja pale tangu waanze kuweka kumbukumbu za uwanja wa ndege. Watu wazima barabarani wanalia na kucheka. Watoto wanateleza kwenye vifuniko vya masanduku. Tulikaa siku tatu, I-10 imefungwa, hakuna pa kwenda.

BARAKA: Mimi nilikwama pia. Lakini endelea, niambie ule mgomba.

ZUHURA: Eeh. Uani kwa yule bibi kulikuwa na migomba minne. Mama mdogo alikuwa dirishani, na kila mtu mwingine anatazama theluji, yeye anatazama migomba. Theluji inajaa kwenye ule mfereji wa katikati ya jani, jani linainama, linainama, halafu kikonyo kinakatika taratibu, bila sauti. Jioni yote ilikuwa imelala. Asubuhi ya pili majani yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Yule bibi akashika jembe ang'oe. Mama mdogo akashuka ngazi na ndala, juu ya theluji, anaita, "Usiing'oe! Mwambie asiing'oe!"

BARAKA: Na ndala!

ZUHURA: Na soksi mbili. Nikatafsiri. Akamfafanulia, kilichokufa ni cha juu, shina liko chini ya udongo na halijui habari za theluji. Akachukua kisu, akaukata mgomba wa kwanza kwa mshazari ili maji yasituame, akafunika kwa majani makavu na gunia. Yule bibi akakata wa pili, akimwangalia mikono. Ijumaa barabara zilipofunguliwa tukaondoka, wameshikana mikono pale mlangoni hawaachiani.

BARAKA: Na picha?

ZUHURA: Imeletwa mwezi wa nne, mama mdogo ameshafika Pangani. Chipukizi, urefu wa kiganja, kijani kibichi, limejisokota kama karatasi. Nikamtumia. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia jogoo na pikipiki za kivukoni: "Mwambie yakizidi apunguze. Abakize matatu tu, mama, mtoto na mjukuu."