Mkojo wa kikohozi: kisu kiingie lini?

Dada zangu wakunga, nanyi wahudumu wa afya wa vijiji mliofika hapa Busia, asanteni. Nimeombwa nizungumzie upasuaji, lakini kwanza kuna jambo ambalo msichana haulizwi: mkojo unamtoka wakati gani? Akikohoa, akicheka, akijitwisha ndoo? Au unachuruzika usiku na mchana, hata akiwa amelala?

Analowa saa zote tangu alipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu? Shuku fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Analowa hivyo tangu utotoni, na chooni anakwenda kama kawaida? Huenda ureta moja, mrija utokao kwenye figo, imefungukia nje ya kibofu. Huyo mazoezi ya misuli ya nyonga hayamsaidii, anahitaji upasuaji.

Kipimo cha anayelowa saa zote ni rahisi. Tunapanga mabonge matatu ya pamba ukeni, kisha tunajaza kibofu maji ya bluu kwa katheta, mrija mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu. Bonge la juu au la kati likitoka na bluu, kibofu kina tundu. La juu likilowa mkojo usio na rangi, tunatafuta kwenye ureta. La chini tusiliamini sana, maana huchafuliwa na mkojo uliopita njia yake. Yote yakiwa makavu, mwambie akohoe, nawe utazame.

Sasa huyu wa kikohozi, na tuache kusema eti ni maradhi ya mabibi. Kwa binti ambaye bado anataka kuzaa, mimi sina haraka na kisu, kwa sababu mimba inayofuata inaweza kuharibu kazi yote. Aanze na mazoezi aliyoyaeleza daktari Arnold Kegel mwaka 1948: kukaza misuli ya nyonga kama anayezuia mkojo, mara 8 kila awamu, awamu 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Msimamieni. Wengi hukaza makalio na kubana pumzi, wakidhani wamefanya.

Kisu kikibidi, nachagua ukanda uliokatwa kwenye utando mgumu wa tumbo lake mwenyewe, upitishwe chini ya mrija wa mkojo. Ule wa plastiki ulisimamishwa Uingereza Julai 2018, baada ya wanawake kulalamikia maumivu na ukanda kutokeza ukeni. Huu wa utando nao una gharama yake: wengine hushindwa kukojoa, wakabaki na katheta kwa muda.

Kuna pia aliyezibwa fistula, tundu likapona, lakini akikohoa analowa. Msimwambie fistula imerudi kabla hajapimwa upya. Mpelekeni kwa waliozoea kazi hiyo, kama hospitali ya Kitovu kule Masaka au ile ya Terrewode ya Soroti, zote Uganda, na kwenye rufaa muandike kama bado anataka kuzaa.