Mwandamo, Mashahidi na Njiwa wa Mwalimu

KEZIA: Karibuni tena, wapendwa. Mimi Kezia, na Mwalimu Yohana yupo, mmeshamsikia anavuta kiti. Leo tuna masomo matatu juu ya kuukadiria mwandamo wa mwezi: kuhesabu umri wa mwezi, kusoma ramani ya kuonekana kwake, halafu kupanga sikukuu za mwaka mzima. Ila Mwalimu, kabla ya yote, nina langu la moyoni.

YOHANA: Litoe, dada.

KEZIA: Sikukuu ya Tarumbeta wiki hii imenikuta leba. Unajua zamu zetu zinapangwa mapema. Nilichukua tarehe iliyochapwa kwenye kalenda ya kusanyiko, nikaenda kwa inchaji, nikabadilishana zamu na mwenzangu: yeye anishikie siku ya sikukuu, mimi nimshikie kesho yake. Jioni inafika, na sisi tunaanza mwezi ukionekana Jerusalem, habari zinakuja: huko haukuonekana. Sikukuu imesogea siku moja. Imesogea hadi kwenye zamu niliyoahidi! Watu wanapiga tarumbeta, mimi nimevaa glavu.

YOHANA: Pole sana. Na imekubana hiyo kwa sababu Tarumbeta ndiyo sikukuu pekee ya Walawi 23 inayoangukia siku ya kwanza ya mwezi. Pasaka ni tarehe 14, Upatanisho 10, Vibanda 15. Hizo ukishauona mwezi bado una siku za kujipanga.

KEZIA: Tarumbeta haikupi hata usiku mmoja.

YOHANA: Na inakuja msimu mbaya kabisa kwa Jerusalem. Machi, njia ya mwezi jua linapozama imesimama wima, mwezi mchanga unakaa juu, unaonekana vizuri. Septemba njia hiyohiyo imelala, mwezi unakimbizana na jua kwenda chini, unazama kabla giza halijaingia. Sisi hapa Musoma tuko karibu na ikweta, kwetu njia imesimama karibu mwaka mzima. Unaweza kuuona mwezi juu ya ziwa jioni ambayo Jerusalem hawauoni kabisa.

KEZIA: Nielewe basi. Aliyechapa ile tarehe alikosea hesabu?

YOHANA: Hesabu haikukosea. Kuna Mwingereza, Bernard Yallop, mwaka 1997 alitoa vipimo vinavyotumika mpaka leo, madaraja A hadi F. A, unauona bila shida. B, hewa iwe safi sana. C, huenda ukahitaji darubini kwanza kujua uko wapi. Jioni yako Jerusalem ilikuwa C. Ramani ilisema "labda", mtu wa kalenda akachapa "ndiyo".

KEZIA: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Mimi nasema mwezi utangazwe na watu waliouona. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, inaeleza mashahidi walivyokwenda Jerusalem, waliruhusiwa hata kuvunja Sabato njiani. Walipokelewa kwenye uwanja uitwao Beit Yaazek, wakapikiwa chakula kingi ili wazoee kuja. Halafu wanahojiwa mmoja mmoja: mwezi ulikuwa kaskazini au kusini mwa jua? Juu kiasi gani? Umeinamia wapi? Na si kila mtu alikubaliwa. Wacheza kete, hapana. Wakopesha kwa riba, hapana. Warusha njiwa...

YOHANA: Nilijua tu.

KEZIA: Wasikilizaji, Mwalimu ana banda la njiwa nyuma ya nyumba. Mnalijua, huwa linasikika humu tukirekodi.

YOHANA: Wale walikuwa wanashindanisha njiwa kwa kamari. Mimi nafuga.

KEZIA: Unawarusha au huwarushi?

YOHANA: Wanaruka wenyewe! Ni ndege!

KEZIA: (anacheka) Mahakama imesikia. Shahidi amekiri njiwa wanaruka.

YOHANA: Lakini usilipite hilo, Kezia, lina uzito. Kwa nini mcheza kamari akataliwe? Kwa sababu mtu aliyezoea kula kisicho jasho lake, neno lake ni jepesi. Kalenda nzima ya taifa, siku ya kufunga, siku ya kula, inasimama juu ya neno la mtu. Ndiyo maana mimi napenda hesabu. Hesabu haifugi njiwa.

KEZIA: Nayo hesabu hufanywa na watu. Aliyechapa kalenda yetu ni mtu.

YOHANA: Chukua Septemba 2025. Mwezi ulikutana na jua Jumapili tarehe 21, kwa saa zetu ni saa 4:54 usiku. Jumatatu jua linazama Jerusalem, mwezi hauna hata saa 20, na njia ndiyo ile iliyolala. Mapema kabisa ilijulikana jicho halitauona Jumatatu. Kwa nini inchaji wako asiambiwe miezi sita kabla?

KEZIA: Kwa sababu siku ya mwandamo bado haijatokea! Sikatai hesabu inayoniambia jioni gani nipande kilimani. Nakataa hesabu inayoniambia nisipande.

YOHANA: Daudi je? 1 Samweli 20, anamwambia Yonathani kesho ni mwandamo wa mwezi. Kesho! Alijua kabla haujaonekana.

KEZIA: Siku ya 29 kila mchungaji wa kondoo anajua kesho huenda ikawa mwandamo. Soma mbele: siku ya pili nayo meza imeandaliwa, kiti cha Daudi kitupu, Sauli anauliza. Siku mbili za karamu, Mwalimu. Mimi naona hawakuwa na uhakika.

YOHANA: Andiko halisemi hivyo.

KEZIA: Wala halisemi alipiga hesabu.

YOHANA: Haya, Gamalieli. Wa Yavne, mkuu wa mahakama ya marabi, mjukuu wa yule aliyemfundisha Paulo. Talmudi, kitabu cha marabi kinachoifafanua Mishna, inasema alipokea kutoka nyumba ya babu yake kwamba mwezi haupungui siku 29 na nusu, theluthi mbili za saa na sehemu 73, na saa moja ina sehemu 1,080. Piga hesabu: siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde tatu hivi. Wastani wa wanaanga wa leo unapishana na huo kwa chini ya sekunde moja!

KEZIA: Na mtu huyohuyo chumbani kwake alibandika michoro ya mwezi, anawauliza mashahidi: ulikuwa hivi au hivi? Mwenye hesabu kali kuliko wote bado aliwaita mashahidi.

YOHANA: Aliwapima kwa hesabu yake.

KEZIA: Wala! Walikuja wawili, wakasema tumeuona kwa wakati wake, na usiku uliofuata haukuonekana. Gamalieli akawapokea. Rabi Dosa akasema hao waongo: mwanamke anajifunguaje, na kesho yake tumbo liko palepale? Nimefanya kazi leba, Mwalimu, Dosa aliuliza swali la mkunga. Rabi Yoshua akamuunga mkono Dosa. Gamalieli akamwamuru Yoshua aje kwake na fimbo na fedha, vitu visivyobebwa siku ya Upatanisho, siku ambayo kwa hesabu ya Yoshua ndiyo Upatanisho. Akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani.

YOHANA: Unaona? Tarehe moja, watu wote. Hilo ndilo ninalolitaka.

KEZIA: Tarehe iliyotoka kwa mashahidi, Mwalimu!

YOHANA: Mashahidi waliokuwa na kasoro. Kilichowaunganisha watu ni neno la mahakama. Leo mahakama hiyo haipo, kila kusanyiko lina mtu wake wa kutangaza. Mji mmoja, mtaa mmoja, Tarumbeta mbili. Hesabu inaweza kuwaleta pamoja.

KEZIA: Hesabu ya nani? Ya Hileli, yule rabi wa kale, inayosimuliwa kuwa ya mwaka 358? Ya Yallop? Wakaraiti, Wayahudi wasioifuata Talmudi, wanasubiri jicho pamoja na shayiri ya Abibu, yaani iliyoanza kukomaa. Tayari ni tatu.

YOHANA: Chagueni moja mkae nayo.

KEZIA: Siwezi kusimama mbele za Mungu na kusema mwandamo umefika kwa sababu tulipiga kura. Siwezi.

YOHANA: Na mimi siwezi kumwambia mtu asafiri siku mbili kutoka kijijini kwa ajili ya "labda".

KEZIA: Fundi ananionyesha vidole. Dakika mbili.

YOHANA: Na masomo?

KEZIA: Hatujagusa hata moja!

YOHANA: Basi nitoe la ramani harakaharaka. Ukifungua ramani, tazama kwanza Jerusalem iko ndani ya mstari gani, halafu...

KEZIA: Wiki ijayo, Mwalimu, hilo linataka utulivu. Hao tena, mnawasikia?

YOHANA: Hawajapewa mtama.

KEZIA: Mashahidi, leteni majina yenu. Wafugaji wa njiwa, mtasubiri nje ya uwanja.

YOHANA: Nafuga, Kezia! Sishindanishi!