Kichupa Kinachoonekana Kitupu

Mnaonisikia kwa mara ya tatu mnivumilie, kichupa cha Botox, dawa ya sindano ya kulaza ndita, nimekuja nacho tena. Kitazameni. Yule kaka wa nyuma anatikisa kichwa: hakina kitu! Ndivyo kinavyotoka kiwandani. Dawa imekaushwa, umebaki utando chini ambao jicho huuona kwa shida, na humo mna uniti 100, yaani vipimo vya nguvu ya dawa. Anayechoma ndiye anayetia maji ya chumvi. Akiyazidisha, dawa inazimuka, nawe huwezi kujua kwa kuangalia. Kwa hiyo usiniambie umechomwa sindano ngapi. Niambie uniti ngapi, za dawa gani. Kwa ndita za katikati ya nyusi, Botox ni uniti 20 zikigawiwa sehemu tano. Dysport, chapa nyingine ya dawa ya aina hii, kwa ndita hizohizo ni 50. Uniti za huyu si za yule. Kichupa kifunguliwe mbele yako, usome jina. Cha bandia nacho huonekana kitupu.

“Lakini daktari, si sumu hiyo?” Sumu, tena kali. Nani alikuficha?

Desemba 1895, kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji. Wanabendi wamepiga tarumbeta mazikoni, njaa imewauma, wakala paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Baadaye mmoja anaona watu wawiliwawili. Mwingine kope zimemlala, anataka kuzifungua hazitaki. Koo halimezi. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem akaichunguza ile nyama, akamkuta bakteria anayetoa sumu hiyo. Jina la sumu yenyewe, botulini, linatokana na neno la Kilatini la soseji, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameshaugua kwa kula soseji zamani.

Sasa subirini, maana hapa ndipo watu huanza kutazama simu. Daktari wa macho Alan Scott, San Francisco, aliitumia sumu hiyohiyo, kiasi kidogo mno, kunyoosha makengeza. Marekani ikaipitisha 1989. Huko Vancouver, Jean Carruthers, naye wa macho, alikuwa akitibu kope zinazojifumba zenyewe. Mwaka 1987 mgonjwa wake akanung'unika: mbona leo hukunichoma hapa katikati ya nyusi? Kumbe kila akichomwa pale, uso wake ulikuwa unatulia. Mume wa Jean, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Mengine vioo vyenu vinawaambia. Ruhusa ya ndita, huko Marekani, ilitoka 2002.

Kilichowalaza kope wapiga tarumbeta ndicho kinacholaza ndita. Neva inazuiwa kutoa ishara, msuli unanyamaza. Miezi mitatu, minne, neva inazinduka, na ndita nazo. Ndiyo maana dawa ikichomwa pasipo pake ikafika kwenye msuli wa kope, kope inalala kweli, wiki kadhaa, nawe unakwenda kazini jicho moja limesinzia. Hakuna sindano ya kuizindua.

Mtu akisema “nimechoma botoksi ya kujaza mashavu” nauma meno. Ya kujaza ni jeli, mara nyingi ya asidi ya hialuroni, haigusi neva. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kukupofua. Hiyo peke yake ni mhadhara mzima. Mjamzito asubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli kulegea aseme kabla, si baada.

Habari ya jua na ngozi nilitaka kuisema, naona naonyeshwa saa. Dada wa mbele, nimekuona, umeinua mkono tangu kwenye soseji.