Kutunga Swali la Jaribio la Wazi katika Maabara ya Uhandisi Kemikali

Walimu wenzangu,

Wengi wetu tulilelewa na mwongozo uliotaja hata dakika za kusubiri kabla ya kusoma kipimo, na aliyeufuata kwa utiifu alipata jibu sahihi bila kufanya uamuzi hata mmoja. Kuuondoa mwongozo huo hakutoshi. Kazi ngumu ni kutunga swali la jaribio la wazi, yaani lisilo na hatua zilizopangwa tayari, ambalo mipaka yake yenyewe humlazimu mwanafunzi kuchagua.

Chukueni mmenyuko wa ethaili asetati na haidroksidi ya sodiamu, ambao tunaufuatilia kwa kupima jinsi myeyusho unavyozidi kupungukiwa na uwezo wa kupitisha umeme. Kwa kawaida tunaagiza itafutwe namba thabiti ya kasi ya mmenyuko katika nyuzi 25 za Selsiasi, nao wanafunzi hutuletea jibu lililo karibu na lita 0.11 kwa moli kwa sekunde, ambalo walikuwa nalo tangu jana. Badala yake, wapeni riakta (chombo cha mmenyuko) moja ya kukorogwa yenye mtiririko usiokatika, muda wa saa 3, na agizo moja: asilimia 80 ya ethaili asetati iwe imemenyuka kabla ya kutoka.

Kundi lisilopiga hesabu litapunguza kasi ya pampu na kungoja. Lililopiga hesabu litaona kwamba, viambato viwili vikiingia kwa ukolezi sawa, kutoka asilimia 50 kufika 80 kunadai muda wa kukaa riaktani uongezeke mara 10. Kwa ukolezi wa moli 0.05 kwa lita, muda huo ni kama saa nzima, na riakta huhitaji takribani mara tatu yake ili itulie, yaani vipimo viache kubadilika. Kipindi kimekwisha kabla ya kipimo cha kwanza! Wapashe joto? Waongeze ukolezi? Wazidishe haidroksidi, au waombe riakta ya pili ifuatane na ya kwanza? Wanaochagua joto wakumbuke kwamba ethaili asetati ni tete, yaani huvukizwa upesi, na kwamba upitishaji umeme hupanda kwa kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, hivyo wasiporekebisha watadanganywa na kifaa chao wenyewe.

Usalama hauachwi wazi. Mpango ulioandikwa, wenye hesabu na ukomo wa joto na ukolezi, nausaini kabla ya pampu kuwashwa, na nakiri kwamba kuisoma mipango hiyo huchosha kuliko kusahihisha ripoti. Alama nyingi nazitoa hapo: kundi lililoishia asilimia 71 likaonesha kwa hesabu kilicholizuia hupata zaidi ya lililofika 80 kwa bahati.