Unukuzi wa Kitabibu na Kumbukumbu za Wagonjwa: Kazi ya Kujengwa Kuanzia Lamu

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, mama zetu, walimu, na ninyi vijana mliomaliza kidato cha nne mkawa mnatafuta njia, nashukuru kwa kuitwa kuzungumza hapa Lamu juu ya kazi ambayo mgonjwa haioni, ingawa matibabu yake yote huitegemea. Msimamo wangu nitautaja mapema: anayetaka kuwa mnukuzi wa kitabibu na aanzie kwenye kumbukumbu za wagonjwa wa hapa, kabla ya kufikiria sauti za madaktari wa ng'ambo.

Unukuzi wa kitabibu ni kusikiliza maelezo aliyoyarekodi daktari kuhusu mgonjwa aliyemwona au upasuaji alioufanya, na kuyaandika yawe hati ya kuwekwa kwenye faili. Marekani kazi hii ilikua ikawa taaluma, chama cha wanukuzi kikaundwa mwaka 1978, na baadaye sehemu ya kazi hiyo ikapelekwa India na Ufilipino. Habari hii ndiyo inayowavutia vijana wetu. Lakini siku hizi programu za kompyuta zinageuza sauti kuwa maandishi, na uchapaji wenyewe unazidi kupungua. Kinachobaki kwa binadamu ni kuhakiki, na mhakiki huhitaji elimu kubwa kuliko mchapaji.

Tazameni mfano. Daktari akisema ileum, anataja sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Akisema ilium, anataja mfupa wa nyonga, na masikioni majina hayo mawili hayana tofauti. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya kusema na kuelewa maneno baada ya ubongo kudhurika. Anayejua anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, husoma sentensi nzima na kugundua kwamba mgonjwa aliyelazwa kwa kiharusi anaweza kuwa na yoyote kati ya hizo mbili, au zote, na kwa hivyo hapaswi kukisia: huacha pengo, huandika dakika na sekunde ya sauti ile, na humrudishia daktari ajaze mwenyewe. Hati yenye pengo lililotiwa alama ni salama kuliko hati iliyojaa dhana.

Tarakimu nazo zina adabu yake. Mwaka 2004 taasisi inayoidhinisha hospitali nchini Marekani ilianza kutumia orodha ya vifupisho vilivyokatazwa, na kati ya makatazo yake ni kuandika 1.0 mahali pa 1, kwa kuwa nukta ikififia kipimo husomwa 10. Vilevile ni lazima kuandika 0.5, kamwe si .5, ambayo husomwa 5. Makosa ya namna hii humzidishia mgonjwa dawa mara kumi.

Sasa niyaseme yanayotuhusu sisi, ambayo hakuna kozi ya ng'ambo itakayowafundisha. Pwani hii majina yetu hurudiwarudiwa mno. Fatma, Fatuma na Fatima huweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani watatu, au wanawake watatu wa mtaa mmoja wenye baba waitwao Mohamed. Karani mzuri haulizi jina peke yake. Huuliza jina la babu, jina la mama, mtaa, namba ya kitambulisho, kisha hulinganisha na namba ya mgonjwa. Kuna tena saa zetu: mama akisema mtoto ameanza kutapika saa mbili usiku, karani aandike 20:00, na mama akitaja saa mbili tu, karani asipouliza ni usiku au asubuhi anaweza kupotosha saa kumi na mbili nzima za ugonjwa. Na mgonjwa anayeletwa kwa boti kutoka Faza au Kiunga, akiwa hajiwezi kusema, hana msemaji ila barua yake ya rufaa.

Njia rasmi ipo. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, hufundisha kumbukumbu za afya na teknolojia ya habari katika ngazi ya cheti na diploma; kina tawi hapa Lamu, ila si kila kozi hutolewa katika kila tawi, kwa hivyo ulizeni kwanza. Shahada hupatikana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Sheria ya mwaka 2016 iliunda bodi ya kuwasajili wasimamizi wa kumbukumbu za afya. Huko mtajifunza pia kuainisha magonjwa kwa alama za Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10 la alama hizo, B50 ni malaria ya falciparum, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, na B54 ni malaria isiyotajwa aina. Anayeandika B54 ilhali jibu la maabara limetaja aina ameipotezea nchi habari iliyokwisha kupatikana. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022.

Nisisitize jambo la siri, kwa sababu mji wetu ni mdogo. Anayeketi nyuma ya dirisha la mafaili huko hospitali atasoma majibu ya jirani, ya shemeji, ya mwalimu wake wa madrasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini hata pasipo sheria, neno moja likitoka Mkomani asubuhi hufika Langoni kabla ya adhuhuri, na aliyeaibishwa hivyo huenda asirudi kupimwa tena. Kijana asiyeweza kunyamaza mbele ya mama yake mzazi asiiombe kazi hii, hata akichapa kwa kasi namna gani.

Kuhusu vyeti vinavyouzwa mtandaoni, muulizeni muuzaji mambo mawili tu: ni mwajiri gani anayekitambua, na je, kinafundisha anatomia na dawa au uchapaji peke yake? Maswali nitayapokea sasa, nami ningependa waanze wale waliokwisha kulipia, ili tuvitazame vyeti vyao pamoja.