Jiko la Mama Linarudisha Moshi Ndani

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu mambo vipi! Leo narekodi mbele ya jiko letu la kuni hapa Norway, theluji ya Aprili bado iko nje, lakini akili yangu yote iko Marangu, jikoni kwa mama.

Juzi mama kanipigia video. Lile jiko la chuma tulilomwekea Desemba, tulipopanda wote nyumbani kwa Krismasi, linamjazia moshi. Anakohoa, macho mekundu, mlango wazi na mvua yote hii ya masika. Nikamwambia, mama, hebu toka nje unionyeshe paa. Nikaona pale pale: bomba limechungulia juu ya bati kama futi 1 tu, kilele cha paa kimelizidi. Upepo ukivuka kilele unashuka na kuurudisha moshi ndani.

Jamani, bomba halina feni. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na ikipanda ndiyo inavuta hewa mpya kupitia jikoni. Bomba likiwa refu na la moto, linavuta vizuri. Kipimo chake: litoke angalau futi 3 juu ya bati pale linapopenya, tena lizidi kwa futi 2 kitu chochote kilicho ndani ya futi 10, kilele kikiwemo. Bomba la mama lina kona mbili kali. Linyooshwe. Na mdomo wa jiko pale linapoungana na bomba ukiwa inchi 6, bomba liwe inchi 6 hadi juu, fundi asilibane.

Halafu kuni. Bibi alipanga kuni darini juu ya mafiga, zikakaa miezi zinakauka kwa moshi ule ule. Sisi tumeleta jiko jipya, dari tukaondoa, mti wa mgrivea uliokatwa wiki jana unarundikwa nje mvuani! Kuni mbichi hupoza bomba na kuacha lami nyeusi ndani yake, na lami hiyo hushika moto. Hili linaniuma, maana wazee walishalijua.

Fundi anakuja Jumamosi. Mama, mpaka hapo pikia jiko la nje, na usiku usiingize makaa chumbani, hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Fundi akimaliza, washa kwanza gazeti ndani ya jiko, karibu na mdomo wa bomba, ili bomba lipate joto, ndipo utie kuni. Ukiona moshi umepanda juu ya bati, nipigie, hata kama niko kazini.