Jiwe la Mama: Utoto Wangu Magomeni Baada ya Vita vya Kagera

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie utoto wa Magomeni baada ya Vita vya Kagera. Niseme mapema: mizinga sikuisikia. Majeshi ya Amin yalipovamia mwaka 1978 nilikuwa na miaka saba, na vita kwangu ilikuwa sauti ya Mwalimu Nyerere redioni na wakubwa kunyamaza ghafla. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 tulishangilia mpaka barabarani, hata sisi tusiojua Kampala iko upande gani. Tukajaribu kucheza vita uani, ila mchezo ulikuwa unavunjika palepale, maana hakuna aliyekubali kuwa nduli Amin.

Vita yenyewe ilitufikia ilipokwisha. Mwalimu aliomba tufunge mkanda miezi 18. Tukaufunga, miezi ikaisha, mkanda ukabaki palepale. Hazina imekauka, mafuta yamepanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika tangu 1977. Hayo waulizeni wachumi. Mimi niulizeni sabuni. Mama alifulia majani ya mpapai: unayaponda, unasugua kola, linatoka povu jembamba la kijani. Shati langu la shule lilikuwa jeupe kwa jina tu. Ugali tulikula wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada wa Marekani. Na nyumba yetu nzima ni Simba! (Kicheko ukumbini.)

Bidhaa zikija, zinakuja duka la kaya, lile duka la mgao la mtaa, na habari zinatangulia siku moja kabla. Foleni inapangwa tangu alasiri, lakini nani atakesha hapo? Kila nyumba inaweka jiwe. Ndoo haifai, itaibiwa. La mama lilikuwa kipande cha tofali, amekizungushia utepe wa kanga kuukuu, na foleni nzima ilikijua na kukiheshimu kuliko mtu mzima aliyechelewa.

Sasa jioni moja tuna chandimu, mpira wa makaratasi na nailoni umeshasukwa vizuri, magoli hatuna. Na mawe yale pale, yamejipanga. Tukachukua manne ya mbele. Wallahi nia ilikuwa kuyarudisha. Adhana ya magharibi ikatukuta katikati ya ubishi wa goli, kila mtu akakimbilia kwao.

Alfajiri nikaamshwa na kelele. Akina mama wanne hawana nafasi, wengine wote wanaapa hawajagusa kitu, mjumbe wa nyumba kumi kasimama na daftari lake hajui amsikilize nani. Na siku hiyo ilikuwa ya sukari.

Mama alirudi na kikapu kitupu. Hakunipiga. Alikaa kizingitini, akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio niliouogopa: "Mlifunga mangapi?"

Nikasema matatu.

"Basi chai ya leo," akasema, "korogea hayo magoli."